Ng'ombe Aliyerudishwa Remera

Rwezamenyo, Kigali
8 Novemba 1992

Mjukuu wangu Gatera,

Salamu hizi zikukute huko Buyenzi, kama bado unautambua mkono unaoziandika. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limeacha kunitii. Jirani yetu Xavérine anakusalimu. Paa lake linavuja hadi kitandani, lakini bado anapata nafasi ya kuja kucheka nyumba yangu. Barua anakuletea Uwamahoro, yule wa vitenge. Mpe chai, usimwache mlangoni kama mdai.

Mkeo Joselyne amejifungua. Najua. Nimeambiwa na huyo huyo Uwamahoro, sokoni, mbele ya watu, nikalazimika kujifanya nilikuwa na habari. Mtoto ana miezi mitatu na mimi sijui hata jina lake. Mama yako, binti yangu, aliponiachia wewe ulikuwa mdogo kuliko huyo, na baba yako Kagabo alipovuka mpaka hakurudi. Nilikulea kwa mikono hii na kwa maandazi. Sikukulea ili nipate habari zako kwa wauza nguo.

Haya, hilo limepita. Sasa jambo lenyewe.

Inkuba inakufa. Timu uliyokuwa ukiilalia njaa utotoni, leo inafungwa na wanafunzi wa Butare. Mabao matatu, hapa hapa Nyamirambo, watu wakawarushia maganda ya ndizi. Kocha wa kwanza alikuwa Mzungu, akasema wachezaji hawali vizuri. Wa pili Mzaire, akasema wamerogwa. Wa tatu alisema ukweli, kwamba hawajui mpira, na ndiye waliyemfukuza upesi zaidi. Watajuaje mpira? Kila mjumbe wa komite ameingiza mtoto wa dada yake. Yuko mmoja anacheza kwa sababu baba yake ana lori la kubebea timu. Wachezaji wa kweli wamebaki wawili, wote wa uwanja wetu wa vumbi: Jean-Berchmans golini na Habiyaremye kwenye winga. Hao wanakula maharage kwangu kila Ijumaa, basi usiniambie sijui habari za timu.

Wiki iliyopita Prezida wa klabu amekuja hapa mwenyewe. Mtu mkubwa wa Remera, ana gari, akaketi kwenye mkeka wangu bila kuupangusa. Akasema wanamtaka Gatera, yule aliyefikisha vijana wa Bujumbura fainali. Akasema wewe ndiye utakayeijenga upya, kocha na uchaguzi wa wachezaji vyote mikononi mwako.

Nimemwambia utakuja. Usinitie aibu.

Bibi yako,
Mukasine


Buyenzi, Bujumbura
20 Desemba 1992

Bibi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, kama nilivyokuwa nikisimama ukinisema. Joselyne anakusalimu. Mtoto ni wa kike na jina lake ni Mukasine. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka kukuletea mwenyewe, nikuone uso ukilisikia. Uwamahoro ameniharibia. Chai amekunywa, na wali juu yake.

Goti lipake mafuta ya nazi ya moto, nimekuwekea chupa.

Kuhusu Inkuba, sikukatai wala sikubali. Nakueleza ninavyofanya kazi, wewe uwaambie. Timu haijengwi kwa kocha. Inajengwa kule mtoto anapookotwa. Nikija, nitazunguka viwanja vyote vya Kigali, Niboye, Remera, Gikondo, hadi huko kwetu, na kila kijana atakayetaka kujaribiwa atajaribiwa peku, wote sawa, asiulizwe mwana wa nani wala ametoka mkoa gani. Nataka timu ya vijana chini ya ile kubwa. Nataka miaka mitatu. Na siku ya mazoezi sitaki mjumbe wa komite pembeni ya mstari akinionyesha mpwa wake kwa kidole.

Bibi, umemwandika Prezida, gari lake na makalio yake kwenye mkeka, lakini jina hukuliandika. Ni nani?

Na tena. Mimi huku nina karatasi za mkimbizi. Wananitakaje mtu wa karatasi hizo, wakati vita iko kaskazini?

Mjukuu wako,
Gatera


Rwezamenyo, Kigali
31 Januari 1993

Gatera,

Asante kwa jina. Nililia kidogo, nikanyamaza, maana Xavérine alikuwa anachungulia. Mafuta nimepaka, goti bado ni lile lile.

Nimewapelekea maneno yako. Nilikwenda mwenyewe, nimevaa ule mtandio wa Idi, nikawasomea komite neno moja baada ya jingine. Wamekubali yote. Viwanja, peku, timu ya vijana, miaka mitatu. Kwenye miaka mitatu walikohoa, lakini Prezida aliwatazama wakaacha. Kuhusu karatasi amesema hilo aachiwe yeye. Umeuliza jina lake kama askari wa barabarani. Anaitwa Évode. Zamani alikuwa katibu wa klabu hiyo hiyo, sasa ana maduka na rafiki jeshini. Ana adabu kuliko wewe, huwa ananiita mama.

Sasa sikia jambo, na ulisikie ukiwa umekaa.

Amenipa ng'ombe.

Siyo maneno. Ng'ombe. Aliletwa Jumapili, wanaume wanne wakimfuata wakiimba sifa zake, wakapita naye barabara kubwa ya Nyamirambo hadi kwangu. Rangi ya mchanga, pembe ndefu, ana mimba. Nimempa jina Gaju. Évode akasema mbele ya watu: huyu ni wa mama aliyemlea kocha wetu. Nikapiga makofi kama inavyotakiwa, nikasema yale maneno, kwamba Évode amenipa ng'ombe, na tangu siku hiyo nikitaka kuapa naapa kwa jina lake.

Wewe hujui maana yake, umekulia kwenye mipira. Sisi huku wanatuita Waswahili, watu wa biashara ndogo, wasio na shamba wala zizi. Babu yako alikufa na cherehani yake, hakuna aliyewahi kumwita kumpa hata mbuzi. Leo watu wa vilimani wanaokuja kuuza majani ya ng'ombe wananiamkia mimi kwanza. Nimejenga kibanda nyuma ya jikoni, cha mbao nzuri, dari imewekewa mabua. Xavérine anasema ng'ombe wangu analala pakavu kuliko yeye. Ni kweli.

Basi umeshakubaliwa na mimi nimeshapokea. Panga safari.

Bibi yako,
Mukasine


Buyenzi, Bujumbura
2 Machi 1993

Bibi,

Shikamoo. Mtoto mzima, Joselyne mzima.

Mrudishie ng'ombe wake.

Gatera


Rwezamenyo, Kigali
4 Aprili 1993

Gatera,

Sisi wazima, Idi imepita, nguo mpya sikushona. Nimeanza na salamu ili uone namna barua inavyoandikwa na mtu aliyelelewa.

Mstari mmoja. Umenipa mimi mstari mmoja, kama bwana anayemwandikia mpishi. Mrudishie. Ng'ombe siyo sahani ya jirani, ukamaliza wali ukairudisha. Aliyepewa ng'ombe akimrudisha amemtemea aliyempa usoni. Unapewa, anazaa, ndama wa kike wa kwanza unampelekea aliyekupa, na undugu unaendelea. Hivyo ndivyo. Wewe unataka nitembee Kigali nzima nikitangaza uadui na mtu ambaye hajanikosea, kwa sababu gani? Hukuandika sababu. Unafikiri sababu zako ni nzito mno kwa bibi wa maandazi?

Nadhani nimeelewa. Umepata pesa huko, umemuoa msichana wa huko, na Rwezamenyo imekuwa ndogo. Sema hivyo. Usimsingizie ng'ombe.

Évode hajakasirika. Amesema kiti chako kinakungoja, na kwa sasa ameweka msaidizi. Tena ameanza uchaguzi wa wachezaji kabla yako, ili ukute kazi imeanza. Ameleta vijana wengi, siyo wa hapa, wa kutoka mbali, wanalala kwenye nyumba yake moja karibu na uwanja wa Remera. Alfajiri wanakimbia kwa mistari wakiimba. Adabu hawana, mtu mzima hawamsalimu. Na mpira sijawaona wakiugusa, ila Habiyaremye ananiambia kwanza ni pumzi, mpira baadaye. Yeye na Jean-Berchmans wameambiwa wakimbie nao. Habiyaremye anakimbia. Jean-Berchmans ameambiwa na hao wageni kwamba golikipa mrefu vile, pua vile, wanajua ametoka wapi. Ameacha kwenda. Nimemwambia ni utani wa vijana.

Ukikosa sababu, andika kwamba huna. Ukiwa nayo, iandike.

Mukasine


Rwezamenyo, Kigali
12 Septemba 1993

Gatera,

Mara ya tatu nakuandikia tangu Aprili na hujibu. Uwamahoro anasema anakukabidhi mkononi, na wewe unaiweka mfukoni.

Gaju amezaa. Ndama wa kike. Maziwa nakunywa mimi, Xavérine, na Jean-Berchmans ambaye amekonda. Wamesaini amani huko Arusha, na redio inasema wakimbizi watarudi. Hata wewe basi huna tena karatasi za kujificha nyuma yake.

Ndama huyu ni wa kwanza, inanipasa nimpeleke kwa Évode. Nakungoja twende pamoja.

Bibi yako, kama bado unaye


Buyenzi, Bujumbura
19 Desemba 1993

Bibi,

Shikamoo. Tuko hai. Unajua yaliyotokea huku tangu Oktoba, rais ameuawa na watu wamechinjana vilimani. Mtaa wetu haukuguswa sana. Timu yangu imekwisha, watatu wamekufa, wengine wamekimbia, na waliobaki hawapeani pasi. Mtoto anatembea. Nilitaka kuandika lakini kila siku niliahirisha, na siyo kwa sababu ya vita. Nilianza kuahirisha kabla.

Umetaka sababu.

Mwaka wa sabini na tatu, Februari, nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa nimeingia timu ya vijana ya Inkuba. Unakumbuka viatu? Vilikuwa vya klabu, vyeusi, vya kwanza maishani mwangu. Siku moja kabla ya mazoezi tulipangwa kwenye mstari wa goli. Katibu wa klabu akasimama mbele yetu akaanza kuita majina. Tulidhani anaita watakaocheza Jumapili. Nilipoitwa niliruka kwa furaha, Bibi. Aliporudi mwanzo wa mstari akasema walioitwa wavue viatu, waache hapo, waondoke, klabu haiwahitaji tena watu wa kabila la baba zao. Wenzangu waliobaki walitazama majani.

Nilikuja nyumbani peku. Nilikuambia viatu vimeibwa. Ulinichapa kwa uzembe, na sikukuambia ukweli, kwa sababu ulikuwa unajisifia kila mahali kwamba mjukuu wako ni wa Inkuba. Wiki iliyofuata nilivuka kuja huku. Nilikuambia nimepata timu. Sikuwa nimepata chochote.

Katibu alikuwa Évode.

Ulipoandika kwamba naye amekubali vijana wachaguliwe bila kuulizwa wana wa nani, nilicheka peke yangu. Na ulipoandika kwamba unaapa kwa jina lake, nilikuandikia ule mstari mmoja. Sikutaka kukuondolea heshima uliyoipata uzeeni. Lakini sitaifundisha timu iliyolipiwa ng'ombe.

Na hao vijana wanaokimbia bila mpira, Bibi, usiwazoee. Huku kwetu nao walianza kwa kukimbia.

Gatera


Rwezamenyo, Kigali
20 Februari 1994

Mjukuu wangu,

Tumefunga, leo siku ya tisa, na kinywa ni kikavu. Goti linauma kwa sababu nitakayokueleza. Xavérine mzima. Hatucheki tena sana.

Nilikuchapa kwa ajili ya viatu. Basi. Siwezi kuandika zaidi juu ya hilo, na wewe usiniandikie.

Barua yako ilikuja Januari. Niliiweka kifuani siku nyingi kwanza, nikiendelea kukamua. Nilikuwa nakamua na maziwa siyanywi. Halafu Alhamisi nikaamka, nikavaa ule mtandio, nikamfungua Gaju na ndama wake. Mtu ambaye ningemwomba anishikie ndama ni Jean-Berchmans, lakini yeye siku hizi hatoki. Akapita Habiyaremye anakwenda kwenye mbio zake. Nikamwambia shika kamba. Akashika, akidhani nampeleka ndama kama desturi. Tulipofika mjini akaniuliza kwa nini na mama yake. Nikasema kwa sababu sitaki Évode aseme nimebaki na mtaji. Tukaendelea hadi Kimihurura. Pale kwenye kilima goti likagoma. Nikakaa kwenye jiwe, ng'ombe akala maua ya nyumba ya mkubwa mmoja, nami sikumzuia.

Remera tulimkuta Évode kibarazani na wageni wake. Aliponiona alicheka vizuri tu, akasema, "Mama, ng'ombe amepotea njia?"

Nikamwambia, "Hakupotea. Niliyepotea ni mimi."

Wageni wakaacha kunywa. Akashuka ngazi, akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua maana ya ninachofanya. Nikasema najua kuliko yeye. Nikasema, kwa sauti ya sokoni ili wasikie wote: "Mwaka wa sabini na tatu uliita majina uwanjani, watoto wakavua viatu. Mmoja alikuwa wangu. Ukiita tena, na langu liite."

Alitazama saa yake. Halafu akamwambia Habiyaremye, kama mtu anayemtuma dukani, awaingize ng'ombe uani. Habiyaremye akawaingiza. Hakutoka. Nilimsubiri kidogo barabarani kisha nikarudi peke yangu, na goti langu, na kamba.

Kibanda kiko kitupu. Kinanuka vizuri, na kinaniudhi.

Inkuba imempata kocha mwingine, mpwa wa mtu. Hao wakimbiaji wamepewa sare, na siyo za mpira. Usije kwa ajili ya klabu. Umesikia? Sikuambii usije. Nakuambia usije kwa ajili yao.

Bibi yako,
Mukasine


Buyenzi, Bujumbura
18 Machi 1994

Bibi,

Shikamoo, na mkono wa Idi. Nimeisoma barua yako kwa sauti, Joselyne akaniomba niirudie. Mtoto ameshika maneno mawili: anasema Bibi, ng'ombe.

Sasa ninakuja. Siyo kwa Inkuba. Nakuja kwenye uwanja wetu wa vumbi, na mipira minne ninayo. Nitaanza na watoto wa Rwezamenyo na Nyamirambo, yeyote atakayefika, na Jean-Berchmans atawafundisha magolikipa. Mwambie atoke nje. Na Habiyaremye, kama anasikia bado, mwambie winga ni wake.

Nitapanda gari wiki ya pili ya Aprili, nikimaliza mambo ya nyumba. Nisafishie chumba.

Gatera


Rwezamenyo, Kigali
23 Oktoba 1994

Gatera,

Niko hai. Nasikia mmenitafuta kwa redio ya Msalaba Mwekundu na kwa kila dereva. Barua yako ya Machi niliipata. Chumba nilikusafishia. Hukuja, na kila usiku namshukuru Mungu kwa mambo yako ya nyumba, yoyote yaliyokuwa.

Xavérine hayupo. Alikataa kuja kulala kwangu, akasema hawezi kulala kwenye zizi baada ya kulicheka. Ya Aprili hayo tu ndiyo nitakayoyaandika kwa hiari yangu. Mengine naandika kwa sababu utachagua watu, na inakupasa ujue.

Kile kibanda kilikaa watu. Walianza kuja usiku wa kwanza, Jean-Berchmans mbele, akiwa amemshika mkono mama yake. Wengine siwajui hadi leo, niliwapa mabua na uji. Majirani walijua, na mtaa huu ulijifunga mdomo, hilo tulishike kwa heshima.

Halafu wale wakimbiaji wa Évode wakafika mlangoni. Wale wale wa mistari. Mkubwa wao akaniuliza nyuma ya jikoni kuna nini. Nikasema zizi. Akataka kuliona.

Mjukuu wangu, nilikuwa nimeapa nisilitamke tena jina lile. Nililitamka. Nikapiga makofi kama siku ile, nikasema: "Évode aliyenipa ng'ombe! Mnaingia kwenye zizi la ng'ombe wa Évode bila ruhusa yake?"

Wakasita. Hao hawakuwa wa mtaa huu, ndivyo alivyowachagua, wa mbali, wasiojua mtu wala historia ya mtu. Walijua tu kwamba bwana wao aliwahi kumpa bibi mmoja wa Rwezamenyo ng'ombe. Kwamba nilimrudisha hawakujua. Wote, isipokuwa mmoja. Alikuwa nyuma yao, na rungu, na ile sare. Habiyaremye. Aliyeshika kamba.

Mkubwa wao akamgeukia, akamuuliza, wewe wa hapa, ni kweli? Akanitazama. Nilimlisha maharage miaka minne, na sikuona chochote machoni pake, hata kidogo. Akasema, "Ni kweli. Ng'ombe wa Prezida."

Wakaondoka, naye akaondoka nao. Walipinda kushoto, kwa Xavérine.

Sijui alifanya nini pale. Sikuuliza, na hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Julai alivuka kwenda Zaire na wengine. Évode naye yuko huko, wanasema kambini ana timu, na ana watu wa kuishangilia.

Sasa sikia. Juzi wamekuja wageni wengine, watu wazuri, wamerudi kutoka Uganda, wanafungua maduka Remera. Kiswahili chao kinachekesha, na Kinyarwanda chao pia. Wanataka Inkuba ifufuke. Wana komite mpya na wameuliza ni nani anayejua mpira wa mji huu, wameambiwa Gatera wa Mukasine. Wamesema watakuachia kila kitu, kocha na uchaguzi. Nimewajibu kwamba maneno hayo nimewahi kuyasikia nikiwa nimekaa kwenye mkeka huu huu.

Nimewauliza wachezaji wako wapi. Jean-Berchmans yupo, hasemi, lakini jioni anakwenda kusimama golini, bila mpira, bila mtu, anasimama tu mpaka giza. Waliobaki wa timu ile hawafiki nusu. Utaanza na watoto.

Na swali langu ni hili, nalo usilijibu kwa mstari mmoja. Siku moja Habiyaremye atarudi. Watarudishwa wengi. Atakuja kwenye uwanja wa vumbi, atavua viatu kama wote, atasimama kwenye mstari. Ulisema hakuna kijana atakayeulizwa. Golini atakuwa Jean-Berchmans, ambaye yuko hai kwa mdomo wa huyo. Na mimi nitakuwa pembeni, karibu na mlango wa Xavérine. Utamwita jina, au hutamwita? Nimelala na swali hili tangu Julai na sina jibu. Wewe ndiye uliyesomea uchaguzi wa wachezaji.

Njoo na mtoto, nimwone kabla macho hayajafuata goti.

Wale wa komite mpya walipoaga, mkubwa wao, kwa heshima kabisa, alisema kwamba kocha akikubali watamletea bibi zawadi ya kimila. Nikamuuliza zawadi gani. Akatabasamu, akatazama kile kibanda.

Nimemwambia kibanda kimejaa. Alete mipira.

Bibi yako,
Mukasine